50 au 85? Lenzi ya kupigia watu picha hapa Goma

Kijana anayenibebea flashi siku za harusi alinijia Jumapili moja jioni, dola zake kazifunga kwenye leso. "Mkubwa, nimepata za lenzi moja tu. Nichukue 50 ao 85?" Nikamwuliza parsele ya kwao, yaani kiwanja chao, ina ukubwa gani. Akacheka, akidhani namkwepa. Kwao ni Majengo, nyumba ya mbao, na kutoka mlangoni hadi ukuta wa mawe ni hatua nane za mtu mzima. "Basi nusu ya jibu unayo," nikamwambia.

Nusu ya pili naiandika hapa, kwa kuwa si yeye wa kwanza kuniuliza. Wengi huuliza kana kwamba moja ya lenzi hizo ina dawa ya kupendezesha sura na nyingine haina. Namba hizo ni milimita za lenzi: ikiwa kubwa, lenzi huvuta zaidi na kuona upana mdogo. Zote mbili hutoa picha nzuri za watu. Kinachozitofautisha ni nafasi ambayo kila moja inadai uwe nayo, na katika mji wetu nafasi ni kitu cha kuhesabu kwa hatua.

Nazungumzia kamera zenye sensa ndogo (sensa ni kibamba cha ndani kinachopokea mwanga), aina ya APS-C, kwa sababu ndizo zilizojaa mikononi mwetu: Canon 600D, 700D, 2000D, na Nikon za familia ya D3000 na D5000. Kwenye Canon hizo kila lenzi huzidishwa mara 1.6, kwenye Nikon mara 1.5. Yaani ukifunga 50 kwenye Canon, inaona upana uleule ambao lenzi ya 80 ingeona kwenye kamera ya sensa kubwa. Ukifunga 85, inaona kama 136. Nalitaja mapema kwa sababu video nyingi zinazosifu 85 hutengenezwa na watu wenye sensa kubwa. Wanachokisifu wao, wewe unakipata karibu chote kwenye 50.

Pua haivimbishwi na lenzi

Kuna imani kwamba lenzi pana hupanua pua na lenzi ndefu huinyoosha. Jaribu hivi: mketishe mtu kwenye kigoda, simama mita mbili, piga kwa 55 ya lenzi iliyokuja na kamera. Usisogee. Rudisha zumu hadi 18, piga tena, kisha kwenye kompyuta kata picha ya pili ubaki na uso tu. Pua ni ileile, masikio yaleyale, kidevu kilekile. Picha ya pili itakuwa na chenga zaidi, basi. Kinachobadilisha sura ni umbali wa miguu yako na mtu unayempiga. Ukiwa karibu sana, pua iko karibu na kamera kuliko masikio kwa kiasi kikubwa, kwa hiyo inakuzwa na masikio yanajificha. Ukirudi nyuma, tofauti hiyo inakuwa ndogo na sura inatulia.

Ndiyo maana selfie humfanya mtu asijitambue. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walikokotoa kwamba picha ya uso iliyopigwa kwa sentimita 30 huonyesha pua pana kwa takriban asilimia 30 kuliko ile iliyopigwa kwa mita 1.5. Mteja akikuletea selfie na kusema "nataka nisionekane hivi", usimwonyeshe lenzi zako. Rudi nyuma.

Kwa kichwa na mabega, mimi hukaa kati ya mita moja na nusu na mita tatu. Chini ya mita moja sura inaharibika, hata kwa lenzi ya bei gani. Mbali sana nako kuna gharama yake: uso hubapa na kuonekana mpana zaidi. Mwenye uso mwembamba hupendeza ukimpiga kwa mita tatu. Mwenye mashavu mapana namsogelea kidogo, namgeuza bega, na kamera naiweka usawa wa macho au juu kidogo tu.

Sasa lenzi inaingia hapa: ukishachagua umbali mzuri, lenzi ndiyo inayoamua ni kiasi gani cha mtu kitaingia kwenye fremu. Hivi ndivyo hesabu inavyokuja kwenye sensa ndogo, kamera ikiwa imesimamishwa wima:

| Lenzi | Kichwa na mabega | Kiuno kwenda juu | Mwili mzima |
|---|---|---|---|
| 35 | m 1.1 | m 1.6 | m 3.1 |
| 50 | m 1.6 | m 2.2 | m 4.5 |
| 85 | m 2.7 | m 3.8 | m 7.6 |

Ongeza hatua moja ya mwili wako mwenyewe nyuma ya kamera, na nusu mita au zaidi kati ya mtu na ukuta ulio nyuma yake. Halafu rudi kwenye parsele ya kijana wangu, hatua nane. Kwa 50 anampiga mtu mzima kuanzia viatu hadi kilemba, japo kwa kubanana. Kwa 85 anaishia magotini.

85 sebuleni, na 85 kando ya ziwa

Nilijifunza haya kwa aibu. Mwaka wangu wa pili wa kazi nilikwenda kupiga dot fulani, yaani sherehe ya mahari, nikiwa na 85 tu kwenye kamera, kwa kuwa niliisoma kuwa ndiyo mfalme wa picha za watu. Sebule ilikuwa ya mita nne kwa tatu, na ndani yake wajomba, mashangazi, kreti za soda na vitenge vya mahari. Nilirudi nyuma hadi kwenye pazia, nikalipita pazia, nikatoka mlangoni, nikajikuta nimesimama uani kwenye matone ya mvua nikipiga kupitia mlango. Kila mama aliyebeba sahani alipita mbele yangu. Mzee mmoja akauliza kwa sauti, "Huyu mupiga picha ni wetu ao ni wa majirani?"

Ipe 85 haki yake, hata hivyo. Ipeleke Jumamosi kwenye bustani ya hoteli kando ya Ziwa Kivu, upande wa Himbi. Saa kumi na moja jioni utakuta maharusi watatu kwenye nyasi zilezile, kila mmoja na msafara wake na mpiga picha wake. Kwa 50, nyuma ya bibi arusi wako kuna shela ya mwenzake na kijana aliyechuchumaa akifunga kamba za viatu. Kwa 85, kwa kuwa inaona kipande chembamba cha nyuma, unasogea nusu hatua kushoto na harusi ya jirani inatoka yote kwenye picha. Kinachobaki ni maji na mti mmoja. Pia hufifisha zaidi: kichwa kikiwa na ukubwa uleule kwenye fremu na tundu likiwa lilelile (tundu ni mlango wa mwanga ndani ya lenzi, hupimwa kwa f/: namba ndogo, tundu kubwa), vitu vya mbali nyuma huonekana vikubwa na laini zaidi kwa 85. Bidoni za njano, nyaya za umeme, pikipiki zilizoegeshwa, vyote vinakuwa rangi tu.

Lakini kuna jambo ambalo halimo kwenye majedwali. Mita saba na nusu ni mbali kwa kuzungumza. Upepo wa ziwa unavuma, msafara unapiga honi, na wewe unamwambia bibi arusi "shusha kidevu kidogo" kwa sauti ya muuza maji. Anakunja uso ili asikie. Picha inatoka na huo mkunjo. Kwa 50 uko umbali wa kuongea kama watu, na mtu mwenye aibu, hasa mama mzee ambaye hajazoea kamera, hufunguka ukiwa karibu kiasi hicho. Kwa wazee natumia 50 hata pale nafasi ya 85 inapokuwepo.

Uzito na bei: 50 ya Canon f/1.8 STM, iliyotoka mwaka 2015, ina gramu 160, unaisahau begani. 85 f/1.8 ya Canon ya mwaka 1992, inayozunguka sana madukani ikiwa imetumika, ina gramu 425, na haikubali kusogea karibu zaidi ya sentimita 85. Ikiwa mpya, 85 hugharimu mara mbili ya 50 au zaidi, kutegemea kampuni. Na ile ya Canon ikifunguliwa kabisa huacha uzi wa zambarau kwenye kingo za gauni jeupe lililopigwa na jua. Ifunge hadi f/2.8 na uzi huo unapungua sana.

Je, lenzi iliyokuja na kamera haitoshi?

Inatosha zaidi ya inavyosifiwa, mchana. Ile 18–55, ukiipeleka 55, ni lenzi ya picha za watu kwa umbali uleule wa 50. Ugomvi wake ni mwanga. Ikifika 55 tundu lake haliwezi kufunguka zaidi ya f/5.6. Ukilinganisha na f/1.8, 50 inaingiza mwanga karibu mara kumi. Maana yake ukiwa ndani ya kanisa jioni, mahali ambapo 50 inaridhika na ISO 800 (ISO ni kiwango cha kamera kukuza mwanga), 18–55 itadai kama ISO 8000 kwa kasi ileile ya shata, yaani muda uleule wa kupokea mwanga, na kamera zetu nyingi zikifika huko ngozi ya mtu inakuwa kama mchanga.

Nje, kivulini, sioni sababu ya kuidharau. Ukitaka nyuma ififie, mtoe mtu ukutani. Mtu aliyesimama mita sita mbele ya ukuta kwa f/5.6 atatengana nao vizuri kuliko aliyeuegemea kwa f/1.8. Asiye na dola za lenzi leo aanze na hilo.

35 ni ya vyumba vidogo na familia nzima. Kwa uso wa mtu mmoja itakusukuma karibu mno. 70–200 f/2.8 ni nzuri kweli, lakini ina uzito wa karibu kilo moja na nusu na bei ya pikipiki. Simu? Kamera kuu ya simu nyingi huona kama lenzi ya 24 hadi 26, kwa hiyo simama mbali kisha kata, au tumia lenzi ya pili ya kuvuta kama simu inayo. Ile hali ya kufifisha nyuma huwa inadanganya vizuri mpaka ikutane na nywele zetu. Afro na rasta zinakatwa kingo kama kwa mkasi wa mtoto.

f/1.8, f/2.8 au f/4

Ukinunua lenzi ya f/1.8, wiki ya kwanza utapiga kila kitu kwa f/1.8. Wote tumepita hapo. Shida ni kwamba sehemu inayotoka safi ni nyembamba sana. 85 kwenye sensa ndogo, mtu akiwa mita mbili, kwa f/1.8 unapata takriban sentimita 4. Ni chini ya umbali kutoka ncha ya pua hadi pembe ya jicho. 50 kwa mita hizo hizo inakupa kama sentimita 11 au 12; ukiifunga hadi f/2.8 unapata 18. F/4 unakaribia 26.

Nilishawahi kumkabidhi mteja picha ya wazazi wake, baba amesimama nusu hatua nyuma ya mama kama heshima ya nyumba ile ilivyotaka. Kwenye skrini ndogo ya kamera ilikuwa nzuri. Ilipochapwa, mama alikuwa safi hadi nyuzi za kilemba, na baba alikuwa ukungu. Hakuna aliyenilalamikia. Ila picha ile haikutundikwa, na kila nikienda nyumba ile naangalia ule msumari mtupu ukutani.

Kwa hiyo hivi ndivyo ninavyochagua. Mtu mmoja anayetazama kamera uso kwa uso, mwanga hafifu: f/1.8 au f/2, nikilenga jicho lililo karibu na mimi. Mtu mmoja aliyegeuza uso, mchana: f/2.8. Wawili: f/4, na nawaomba vichwa vyao vikae kwenye mstari mmoja. Familia: f/5.6 au f/8, na hapo ile 18–55 inarudi kazini bila aibu. Na usilenge jicho kwa pointi ya katikati kisha ukageuza kamera kupanga fremu, kwa f/1.8 mgeuko huo peke yake unatosha kuharibu. Hamisha pointi yenyewe hadi kwenye jicho.

Jua kali lina mtego mwingine. Kanuni ya zamani inasema: juani, f/16, kasi ya shata iwe sawa na ISO, yaani ISO 100 kwa 1/100 ya sekunde. Ukifungua hadi f/1.8 utahitaji karibu 1/8000. Kamera nyingi za bei yetu huishia 1/4000. Uso utaungua na hutajua kwa nini. Kwa f/2.8 unahitaji kama 1/3200, umo ndani. Afadhali zaidi, mtoe mtu juani.

Mawe meusi yanakula mwanga

Hapa ndipo ninapotofautiana na kila fundisho lililoandikwa kwingine. Lava ya volkeno ya Nyiragongo, ile ya Januari 2002, ilipita katikati ya mji, na sisi tumejenga juu yake na kwa mawe yake. Barabara nyeusi, kuta nyeusi, uwanja mweusi. Mahali penye saruji au mchanga mweupe, jua likipiga chini mwanga unarudi juu na kuingia chini ya nyusi na chini ya kidevu. Kwetu hakuna kinachorudi. Saa sita mchana jua liko utosini, maana tuko chini ya nyuzi mbili kutoka ikweta, na macho ya mtu yanageuka mashimo mawili. Lubumbashi udongo mwekundu hurudisha mwanga, ila unakuja na rangi yake na kidevu kinakuwa na wekundu. Bukavu, kwenye bustani na migomba ya mteremkoni, ni ukijani. Sisi tuna weusi tu.

Dawa yake ni shuka jeupe. Litandaze miguuni pa mtu, mita mbili kwa mbili, nje ya fremu. Au mpe shangazi alishike kifuani mwake mbele ya bibi arusi. Utaona macho yanafunguka na kidoa cha mwanga kinaingia kwenye mboni. Shuka hili limewahi kunifaa kuliko lenzi yoyote niliyonunua, na silisemi kwa mzaha. Ukuta uliopakwa chokaa ulioko nyuma yako wewe mpiga picha hufanya kazi hiyo hiyo bila kushikwa na mtu. Seydou Keïta, mpiga picha wa Mali aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948, alipiga picha zake nyingi uani kwa mwanga wa mchana, shuka la kitanda likiwa pazia nyuma ya wateja. Uani kwetu kunaweza.

Weusi huo huo unaichanganya kamera. Kipimo chake cha mwanga hudhani kila kilicho mbele yake kina kijivu cha wastani. Ukimsimamisha mtu mbele ya ukuta wa lava, kamera inaona giza, inaongeza mwanga, na uso wa mtu unapauka. Tumia kitufe cha +/- ushuke hadi −0.7 au −1. Gauni jeupe likijaza fremu, kinyume chake: kamera inapunguza mwanga na uso wa bibi arusi mwenye ngozi nyeusi unazama, panda +0.7, kisha angalia kama nakshi za gauni bado zinaonekana. Bwana arusi mwenye suti nyeusi na bibi arusi mwenye shela nyeupe, mbele ya ukuta mweusi? Hapo naachana na kipimo cha kamera kabisa. Natumia M, yaani napanga kila kitu kwa mkono, napima uso kwa karibu, na sibadilishi tena mpaka mwanga wenyewe ubadilike. Ukipima uso mweusi kwa kipimo cha pointi, kumbuka kamera itataka kuufanya kijivu: shusha kama nusu hatua hadi hatua moja, la sivyo unamchubua mteja bila sabuni.

Ngozi yetu hupendeza kwa mwanga mpana na laini, ule unaong'aa taratibu kwenye shavu. Mwanga mdogo mkali, kama flashi iliyoelekezwa usoni moja kwa moja, huacha madoa meupe kwenye paji na ncha ya pua. Beba kitambaa cha pamba, mfute mtu uso kabla ya kila picha. Ni haraka kuliko kufuta madoa kwenye kompyuta.

Kivuli kizuri ni cha baraza, mtu akiwa ukingoni anatazama nje kwenye mwanga. Kivuli kibaya ni cha hema la harusi la rangi au shitingi (turubai la plastiki) ya buluu: rangi yote inashuka usoni, na hakuna mizani ya rangi itakayoiondoa bila kuharibu gauni. Jioni kuanzia saa kumi na nusu jua ni zuri, lakini kwetu halingoji. Karibu saa kumi na mbili linazama, na kwa vile vilima vya Masisi viko magharibi linaweza kukuponyoka kabla. Panga picha za wawili peke yao kwanza, kamati ya harusi baadaye.

Flashi au ISO

Ukiwa ndani, una njia mbili. Ya kwanza ni kupandisha ISO: 50 kwa f/2, 1/125, ISO 1600 hadi 3200, mtu akiwa karibu na dirisha. Picha inabaki na hali ya chumba. Ya pili ni flashi iliyoelekezwa juu au pembeni ili mwanga urudi ukiwa laini. Njia hii inataka dari nyeupe. Kwenye nyumba zetu za mbao, mwanga ukigonga dari unarudi na rangi ya chai, na watu wanatoka kama wana homa ya manjano. Hapo nageuza kichwa cha flashi kwenye lile shuka, au kwenye ukuta wowote mweupe. Ukitumia flashi usipite 1/200, kwani kamera nyingi za daraja hili zikizidi hapo huacha mkanda mweusi kwenye picha.

Taa za LED za bei rahisi hupepesa kufuatana na umeme wa hertzi 50; ukiona mistari kwenye picha, shuka hadi 1/100 au 1/50. Kwa 85 mkononi usishuke chini ya 1/160. Kwa watoto, 1/500, na subira.

RAW (faili ghafi, ya kusafishwa kwenye kompyuta) au JPEG (iliyo tayari)? RAW kwa maharusi wawili, JPEG kwa wageni mia tatu wanaotaka picha zao kabla hawajapanda pikipiki. Kuhusu megapikseli, chapa ya sentimita 13 kwa 18 inahitaji milioni tatu na kidogo tu, kwa hiyo mzozo huo muachie muuzaji.

Ukienda kununua

Kwa Nikon za D3000 na D5000, hakikisha lenzi imeandikwa AF-S. Lenzi ya zamani ya AF-D itaingia na itapiga, ila haitalenga yenyewe, kwa sababu kamera hizo hazina mota ndani. Kwa Canon, lenzi ya RF, ya kamera mpya, haifungi kabisa kwenye kamera za zamani za EF. Ukikuta 50 f/1.8 II ya plastiki, ile iliyoanza mwaka 1990, si mbaya: inapiga kelele ikilenga, haisogei karibu zaidi ya sentimita 45, na ina bapa tano tu za tundu, hivyo taa za nyuma zikififia zinakuwa na pembe tano. STM ina bapa saba na shingo ya chuma. Lenzi yoyote iliyotumika imulike kwa tochi ya simu kutoka nyuma: nyuzi kama za buibui ndani ya kioo ni kuvu, na unyevu wa ziwa unailisha. Ikatae, hata akipunguza nusu.

Na kiangazi, Juni hadi Agosti, vumbi letu si vumbi la kawaida. Ni mawe yaliyosagwa. Linakwaruza kioo. Weka filta ya UV mbele ya lenzi, pulizia kwanza kabla ya kufuta, na usibadilishe lenzi ukiwa umepanda pikipiki. Hii ni sababu nyingine inayonifanya nimshauri anayeanza awe na lenzi moja inayokaa kwenye kamera siku nzima.

Mwenye parsele ndogo, wateja wa sebuleni na kamera ya sensa ndogo, achukue 50. Mwenye 50 tayari, na harusi zake nyingi ziko kando ya ziwa, achukue 85 na aendelee kuibeba 50 mfukoni. Mwenye sensa kubwa, ageuze maneno yangu: 85 ndiyo ya kwanza kwake.

Kijana alichukua 50, STM iliyotumika, kioo safi. Kwa zilizobaki aliingia Birere akanunua shuka jeupe la mita tatu. Jumamosi iliyofuata alikuja nalo limekunjwa ndani ya mfuko wa flashi, na tayari lilikuwa na alama ya kiatu cha mtu katikati.